Kitabu na Mpendekezaji Wake: Historia ya Msomaji wa Kawaida Kisumu na Mwambao wa Ziwa

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina kweli yake sokoni, ambako mnunuzi huliona embe, akalishika na kulinusa kabla ya kutoa fedha. Lakini kitabu si embe. Uzuri wake umefichwa ndani ya majalada, wala haumdhihirikii ila yule aliyekwisha kukisoma. Kwa hiyo kila kitabu, kizuri na kibaya, kinahitaji mtu wa kukitembeza. Na historia ya usomaji mahali popote ni, kwa sehemu kubwa, historia ya watu hao: walikuwa nani, walimjua msomaji kwa kadiri gani, na walitaka nini kwake.

Makala haya yanakusudia kuichunguza historia hiyo katika mji wa Kisumu na mwambao wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, ziwa ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe. Msomaji anayezungumziwa hapa si mwanachuo wala mhakiki. Ni msomaji wa kawaida: karani wa bandari, mwuza samaki, fundi wa baiskeli, mwalimu wa shule ya msingi, mtu anayesoma kwa hiari yake baada ya kazi za mchana. Swali ni hili: nani alimwambia mtu huyu asome nini, kwa lugha gani, na kwa faida ya nani? Wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kulipa swali hili uzito, kwani Kiswahili kimesikika Kisumu tangu mji huo ulipoanza, na hata hivyo kitabu cha Kiswahili hufahamika huko zaidi kama kitabu cha shule kuliko kitabu cha nyumbani. Sababu ya hali hiyo haimo katika lugha yenyewe. Imo katika njia ambayo kitabu kilipitia hadi kumfikia msomaji.

Kabla ya Kitabu: Pim na Siwindhe

Yafaa kuanza na wakati ambapo hapakuwa na kitabu, maana kazi ya kumchagulia mtu maneno ya kumfaa ilikuwako kabla ya herufi. Katika boma la Kijaluo la zamani watoto, hasa wasichana, walilala katika nyumba ya bibi mzee aliyeitwa pim. Nyumba hiyo iliitwa siwindhe. Humo watoto walisikia hadithi na vitendawili, wakafunzwa mithali, nasaba, adabu na mambo ya ndoa. Mwanahistoria David William Cohen, aliyeandika juu ya pim katika miaka ya 1980, ameonyesha kwamba bibi huyu mara nyingi hakuwa wa ukoo wa baba wa watoto wale, na kwamba elimu aliyowapa iliwafungulia dunia iliyo pana kuliko boma lao.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni namna pim alivyofanya uchaguzi. Hakuwa na orodha ya hadithi aliyopewa na mtu mwingine. Alikuwa na watoto mbele yake, aliowajua kwa majina na kwa tabia, na aliweza kuipima hadithi ya usiku kwa yaliyotokea mchana. Mawaidha hayakutengwa na masimulizi. Yalikuwa ndani yake, na mtoto aliyachukua kwa kadiri ya haja yake. Hata hivyo haifai kuisifu siwindhe kupita kiasi. Ilimlea msichana ili aingie katika maisha ambayo wazee walikwisha kumpangia, na mengi yaliyosemwa humo yaliwafaa wazee kuliko wasichana. Lakini kwa habari ya maarifa juu ya msikilizaji, hapana mpendekezaji aliyefuata baadaye aliyemfikia pim.

Hadithi ilipokwisha, msimulizi alisema: thu tinda. Maneno hayo yakumbukwe, kwa kuwa yatarudi mbele.

Reli, Misheni na Jasomo

Reli ya Uganda ilifika ukingo wa ziwa mwaka 1901, na kituo chake cha mwisho kikaitwa Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo. Mpaka reli ilipofikishwa Kampala mwaka 1931, shehena nyingi za kwenda Uganda ziliteremshwa hapo na kupakiwa melini. Masanduku ya vitabu vya misheni yalipita katika gati hiyo pamoja na chumvi, nguo na majembe. Kisumu basi ilikuwa mlango wa vitabu kabla haijawa mji wa wasomaji.

Wasomaji wenyewe walianza kupatikana katika vituo vya misheni vilivyouzunguka mji. Mwaka 1906 shirika la wamishenari la CMS lilianzisha shule ya Maseno, na mwaka huo huo Arthur Carscallen wa Kanisa la Wasabato, akifuatana na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, alifungua kituo cha Gendia karibu na Kendu Bay. Carscallen alitunga sarufi ya Dholuo na kuleta mtambo mdogo wa kuchapa, na kazi ya kuchapa vitabu ikaota mizizi Kendu Bay. Agano Jipya la Dholuo lilitoka mwaka 1926, na Biblia nzima mwaka 1953.

Lugha yenyewe imehifadhi alama ya kipindi hicho. Kitenzi cha Dholuo chenye maana ya kusoma ni somo, jamaa ya wazi ya soma ya Kiswahili na Kiganda. Kutokana nacho lilipatikana neno jasomo, yaani msomaji, na wingi wake josomo. Lakini katika miongo ya kwanza jasomo hakuwa tu mtu ajuaye kusoma. Alikuwa Mkristo, mtu wa misheni, aliyevaa nguo za kizungu na kuziacha baadhi ya mila za wazee. Hali ilikuwa hiyo hiyo Buganda, ambako Wakristo wa kwanza waliitwa wasomaji. Kusoma na kuamini vilikuwa kitu kimoja, na mtu hakuulizwa angependa kusoma nini. Aliyefundisha herufi ndiye aliyetoa kitabu, na kitabu kilikuwa kimoja.

Huyu ndiye mpendekezaji wa kwanza wa kitabu katika mwambao wa ziwa. Alitaka roho ya msomaji, naye hakuificha nia hiyo. Ni haki kukiri pia aliyoyaacha: maandishi ya Dholuo yenye tahajia iliyozoeleka, na watu wengi wa vijijini waliozoea kukaa na kitabu mkononi jioni, wakikisoma kwa sauti ili wasiojua kusoma nao wasikie. Bila mazoea hayo, yaliyofuata yasingewezekana.

Kiswahili hakikuwa na nafasi kubwa katika mwamko huo wa kwanza. Kilifika ziwani pamoja na misafara, kikakaa Mumias na Kendu Bay miongoni mwa Waislamu na wafanya biashara, kisha kikawa lugha ya reli, ya polisi na ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Wamishenari wengi walikitilia shaka kwa sababu ya uhusiano wake na Uislamu, wakapendelea lugha za wenyeji. Hivyo tangu mwanzo kazi ziligawanywa: Dholuo ilipewa sala na Kiswahili kikapewa amri. Mgawanyo huu ulikuja kuwa na matokeo makubwa.

Wenyeji Wachukua Kalamu

Mwaka 1938 Paul Mboya, mchungaji wa Wasabato aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, alitoa kitabu cha Dholuo kiitwacho Luo Kitgi gi Timbegi, kinachoeleza mila na mwenendo wa Wajaluo. Tukio hili lina maana kuliko linavyoonekana. Mtu aliyelelewa na misheni, ambayo iliwataka josomo waziache mila nyingi, aliwapendekezea josomo wenzake habari za mila hizo hizo, kwa herufi zile zile walizofunzwa ili wasome Injili. Kwa mara ya kwanza msomaji wa mwambao aliweza kufungua kitabu na kujikuta yeye mwenyewe ndani yake. Njia hiyo ilifuatwa na wengine: Samuel Ayany alitoa Kar Chakruok mar Luo mwaka 1952, na Shadrack Malo akatoa Dhoudi mag Central Nyanza mwaka 1953.

Mboya huyo huyo aliandika pia kwa Kiswahili. Kitabu chake kinaitwa Utawala na Maendeleo ya Local Government South Nyanza, nacho kinashughulikia miaka 1926 hadi 1957. Mwandishi ni mmoja, na watu anaowasimulia ni wale wale. Lakini anapoandika juu ya ndoa, mazishi na heshima anatumia Dholuo, na anapoandika juu ya halmashauri, kodi na barabara anatumia Kiswahili. Mgawanyo ule wa sala na amri umeingia ndani ya kazi za mtu mmoja. Mboya halaumiwi kwa jambo hilo. Alikitumia Kiswahili kwa kazi ambayo kila mtu wa zama zake alikijua nayo. Lakini msomaji aliyevipokea vitabu hivyo viwili alifundishwa, bila mtu yeyote kumwambia, kwamba Kiswahili ni lugha ya kusomea taarifa.

Mpendekezaji mwingine wa wakati huo alikuwa gazeti. Baraza, gazeti la Kiswahili lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939, lilisomwa na Waafrika wa makabila mengi. Baada ya Vita vya Pili, Achieng' Oneko, mwanafunzi wa zamani wa Maseno, alihariri gazeti la Dholuo la Ramogi. Mwaka 1947 Oginga Odinga, naye mtu wa Maseno, alianzisha shirika la biashara la LUTATCO, ambalo miongoni mwa shughuli zake lilikuwa na mtambo wa kuchapa wa Ramogi Press mjini Nairobi. Mtambo huo ulichapa magazeti ya Kiafrika ya lugha mbalimbali. Hapo fedha za wenyeji, zilizochangwa shilingi kwa shilingi na wenye hisa wa kawaida, zilitumiwa kumfikishia msomaji maneno ambayo wala misheni wala serikali haikumchagulia. Wapendekezaji hawa nao walikuwa na haja yao: walitaka umoja wa watu na uhuru wa nchi. Lakini haja hiyo ilikuwa ya msomaji pia, na hiyo ndiyo tofauti.

Ofisi ya Kuwaandikia Waafrika

Mwaka 1948 serikali za kikoloni zilianzisha East African Literature Bureau, iliyofahamika kwa kifupi kama EALB, chini ya uongozi wa Charles Richards. Kazi yake ilikuwa kuchapa vitabu vya bei nafuu kwa lugha za Afrika Mashariki, kuwasaidia waandishi wapya na kueneza maktaba, yakiwemo masanduku ya vitabu yaliyopelekwa mashambani. Haipasi kuidharau kazi hiyo. Vitabu vingi vya Kiswahili na vya lugha nyingine visingalichapwa bila EALB, na kitabu cha Malo kilichotajwa hapo juu kilitoka kwa jina lake la kuchapia la Eagle Press.

Lakini EALB ilimwona msomaji kwa namna yake. Kwake msomaji alikuwa mtu wa kuendelezwa: afundishwe usafi, ukulima bora, matumizi ya fedha na malezi. Mawaidha yaliyokuwa ndani ya hadithi katika siwindhe sasa yalitolewa nje na kuwekwa peke yake katika kijitabu.

Mipaka ya mtazamo huo inaonekana katika kisa cha Grace Ogot. Ogot, aliyezaliwa mwaka 1930 na kusoma Ng'iya na Butere, alieleza baadaye katika mahojiano kwamba alipopeleka hadithi zake fupi EALB hazikukubaliwa. Wahusika walishindwa kufahamu jinsi mwanamke Mkristo alivyoweza kuandika juu ya kafara na dawa za kienyeji badala ya kuandika juu ya wokovu. Mojawapo ya hadithi hizo, inayohusu binti wa mtawala anayetakiwa kutolewa kafara ziwani ili mvua inyeshe, ilichapishwa mwaka 1963 katika jarida la Black Orpheus la Nigeria. Mwaka 1966 riwaya yake ya The Promised Land ilitolewa na East African Publishing House. Hadithi ya Nam Lolwe ilibidi kwenda Afrika Magharibi ndipo ichapwe, kwa kuwa waliokaa karibu na msomaji wa ziwa waliamini kwamba wanajua zaidi yake linalomfaa.

Kiswahili: kutoka Ofisini hadi Mtihanini

Katika miaka hiyo hiyo Kiswahili kilipata pigo katika shule za Kenya. Kundi la Binns, lililochunguza elimu mwaka 1952, lilishauri kwamba Kiswahili kisifundishwe isipokuwa mahali ambapo ni lugha ya wenyeji. Kisumu haikuwa mahali pa namna hiyo. Matokeo yake ni kwamba katika muongo ule ambao Shaaban Robert alikuwa akitoa Kusadikika na Adili na Nduguze, kijana wa mwambao wa ziwa hakuwekewa njia ya kuvifikia vitabu hivyo.

Baada ya uhuru mwelekeo ulibadilika polepole. Tume ya elimu ya mwaka 1964, iliyoongozwa na Simeon Ominde, mzaliwa wa Nyanza, ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi. Mwaka 1974 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa. Hata hivyo ni mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliokifanya kitahiniwe kwa kila mtoto, na Katiba ya mwaka 2010 ikakipa hadhi ya lugha rasmi pamoja na ile ya taifa.

Ushindi huu ulikuwa mkubwa, lakini ulimleta mpendekezaji mpya ambaye hajawahi kuonana na msomaji: mtihani. Kitabu teule huchaguliwa Nairobi kwa nchi nzima. Kijana wa Homa Bay na kijana wa Lamu husoma kurasa zile zile, wakitafuta maudhui, wahusika na tamathali za usemi kwa ajili ya alama. Kitabu kikiondolewa katika orodha huondoka pia katika maduka, na mwanafunzi akihitimu hukiuza au hukigawa. Watu wameandaliwa kukiaga kitabu cha Kiswahili siku ya mtihani wa mwisho.

Haitakuwa haki kuishia hapo, maana kuna ushahidi wa upande wa pili. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996 na baadaye kuwa kitabu teule, ilipendwa kupita mipaka ya darasa. Walibora alipofariki mwaka 2020 wengi walioomboleza walikuwa watu wazima waliokuwa bado wanamkumbuka Kongowea, kijana anayesafiri kutoka Tanga hadi magharibi ya Kenya kumtafuta baba yake. Kwa hiyo mtihani hauui kitabu kwa lazima. Lakini kilichokiokoa Siku Njema si mtihani. Ni msomaji aliyejiona katika safari ile, akamwambia mdogo wake naye akisome.

Duka la Vitabu Mjini Kisumu

Historia ya Kisumu inao pia wapendekezaji waliofanya kazi kwa namna nyingine. Okot p'Bitek, alipolazimika kuondoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1960, alifanya kazi Kisumu katika idara ya elimu ya watu wazima ya Chuo Kikuu, na akaandaa huko tamasha la sanaa. Marjorie Oludhe Macgoye alifika Kenya mwaka 1954 kama mwuza vitabu wa misheni, akaolewa katika jamii ya Wajaluo, akaishi Kisumu kwa miaka kadhaa, na mwaka 1972 akatoa riwaya ya Murder in Majengo. Mwaka 1981 Grace Ogot mwenyewe aliigeukia Dholuo kwa Ber Wat na Aloo kod Apul-Apul, vilivyotolewa na Anyange Press ya Kisumu. Mwaka 1983 ilifuata Miaha, na mwaka huo huo Okoth Okombo akatoa riwaya yake ya Dholuo, Masira Ki Ndaki.

Lakini mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Asenath Bole Odaga, aliyezaliwa mwaka 1937 na kufariki mwaka 2014. Odaga alikuwa amefanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Kenya, iliyotunga mitaala, na katika Taasisi ya Taaluma za Kiafrika ya Chuo Kikuu cha Nairobi, alikotafiti fasihi simulizi. Alizijua basi njia zote mbili za kumchagulia mtu maneno, ya ofisini na ya siwindhe. Mwaka 1982 aliziacha ofisi akarudi Kisumu, akaanzisha kampuni ya uchapishaji ya Lake Publishers and Enterprises pamoja na duka la vitabu. Duka hilo aliliita Thu Tinda, jina alilokwisha kulipa mkusanyo wake wa hadithi uliotoka mwaka 1980.

Ni jina la kutafakariwa. Kwa mtu aliyezaliwa mwambaoni, maneno yale ya kufungia hadithi hayahitaji tafsiri. Yanamrudisha katika nyumba ya bibi. Kuyaandika juu ya mlango wa duka ni kumwambia mpita njia kwamba vilivyomo ndani si vya kigeni kwake, na kwamba kusoma si kuacha kwao. Aidha Odaga hakujifungia katika aina moja ya kitabu. Aliandika hadithi za watoto, riwaya, vitabu vya kufundishia fasihi simulizi, na hatimaye kamusi ya Dholuo na Kiingereza. Alishika minyororo yote ya kazi, kuanzia kalamu hadi meza ya kuuzia. Mchapishaji aliyeko Nairobi huletewa hesabu ya nakala zilizouzwa. Mwenye duka mjini Kisumu humwona mnunuzi mwenyewe.

Biashara ya namna hiyo ni ngumu, na duka la vitabu katika mji wa mkoani huishi kwa vitabu vya shule au halidumu. Odaga naye aliandika vitabu vya shule. Lakini alionyesha kwa vitendo kwamba kazi ya pim inaweza kuhamia katika zama za chapa, iwapo anayependekeza kitabu anaishi miongoni mwa wasomaji wake.

Funzo kwa Kiswahili

Historia hii ikitazamwa kwa pamoja, yaonekana kwamba msomaji wa mwambao wa ziwa hakuwahi kukosa washauri. Misheni ilimshauri kwa ajili ya wokovu, serikali kwa ajili ya maendeleo, wazalendo kwa ajili ya uhuru, na mtihani kwa ajili ya cheti. Dholuo ilipata bahati ya kupita katika mikono ya watu kama Mboya, Ogot na Odaga, waliomjua msomaji kwa jina. Kiswahili karibu kila mara kilimfikia kwa mkono wa ofisi. Wataalamu wamejitahidi kukisanifu, kukiundia istilahi na kukitungia sarufi, na kazi hiyo ni ya lazima. Lakini istilahi haimfanyi mtu achukue kitabu jioni.

Jambo hili linarekebishika, kwani vitabu vipo. Tatizo ni kwamba havijafikishwa kwa mtu anayehusika navyo. Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert ni kisa cha mwanamke wa Fumba aliyeuza vyungu mjini Unguja kabla ya kuwa mwimbaji mashuhuri wa mwambao mzima wa Waswahili. Darasani kitabu hicho hufunzwa kama mfano wa wasifu. Sokoni Kibuye, ambako wanawake huketi na bidhaa zao tangu alfajiri, ni kisa cha mwenzao. Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Paul Sozigwa iliyotoka mwaka 1975, asili yake ni Kiacholi, lugha iliyo ndugu wa Dholuo. Mke wa ziwani anayedharauliwa na mume aliyesoma hatahitaji maelezo ya mhakiki ili amfahamu Lawino. Maisha Yangu, ambamo Shaaban Robert anasimulia habari zake na malezi ya watoto waliofiwa na mama yao, humfaa baba mjane kuliko kijitabu chochote cha mawaidha. Na karani aliyeonewa na mkubwa wake, akatakiwa ajitetee mbele ya watu waliokwisha kumhukumu, atamjua Karama wa Kusadikika kuwa ni mtu wa ofisini kwake.

Mapendekezo ya namna hii hayawezi kutolewa na tume. Yanadai mtu aliyekisoma kitabu na pia anayemjua jirani yake: mwalimu, mtunza maktaba, mwenye duka, kiongozi wa kanisa au wa msikiti. Mwambao wa ziwa unao watu hao. Unayo Maseno yenye chuo kikuu chake, unazo shule zenye walimu wa Kiswahili katika kila kata, na Kisumu inayo maktaba ya umma. Kila mmoja wa walimu hao hurudi nyumbani jioni kwa majirani ambao angeweza kuwatajia kitabu kisichotahiniwa.

Pim hakumwuliza mtoto maswali ya ufahamu baada ya hadithi. Alisema thu tinda, na mtoto mwingine akapewa nafasi ya kusimulia. Kwa njia hiyo aliyekuwa msikilizaji jana alikuwa msimulizi leo. Kiswahili kitakuwa kimefika Kisumu kikamilifu siku ambayo mwuza vyungu atakapomaliza kisa cha Siti na kukikabidhi kitabu kwa mwuza samaki aliyeketi kando yake.